Inzi wa Bi Mashavu

Kuhusu inzi, naomba nianze kwa kusema kwamba sikula hongo. Siku ile nyumbani kwa Bi Mashavu nilipewa chai ya rangi kikombe kimoja na mhogo wa kuchemsha vipande viwili, na vyote niliviandika kwenye fomu ya Zawadi Zilizopokelewa Kazini, nakala tatu. Wanaosema nilinunuliwa kwa mhogo hawanijui vizuri. Tangu utotoni mhogo unanipa kiungulia.

Mimi naitwa Kondo, raia mtiifu wa nchi ambayo siitaji jina, maana kuna sheria kwamba jina la nchi lisitajwe pamoja na jambo lolote lisilo ushindi. Inatosha mjue kwamba iko mahali pazuri, kwamba mvua yake hunyesha vizuri sana kwenye taarifa ya habari, na kwamba inawapenda wazee wake kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Hayo ya mwisho si maneno yangu. Yamebandikwa kwenye kuta za ofisi zote za serikali, na pale kwetu yalibandikwa juu ya tangazo lililosema lifti haifanyi kazi, wazee watumie ngazi.

Mambo yalianza Siku ya Wazee, kwenye uwanja wa mpira. Wazee walikaa juani tangu saa mbili asubuhi ili waje waheshimiwe saa saba. Saa nane kasoro, Waziri wa Wazee, Shukrani na Kumbukumbu Njema, Mheshimiwa Daktari Ngwali, alipanda jukwaani na mtu wa kumshikia mwavuli.

"Ndugu wananchi! Mzee si mzigo!" alinguruma. "Nimesema mzee si nini?"

"Si mzigo!"

"Kuanzia mwezi ujao, kila anayemtunza mzazi asiyejiweza, nyumbani kwake, atalipwa na serikali hii sikivu! Atalipwa nini?"

Watu hawakujua wajibu nini, maana jambo lenyewe ndiyo kwanza walikuwa wanalisikia. Waziri akawasaidia: "Posho!"

"Posho!" uwanja ukaitikia. Wazee wawili walizimia kwa furaha, ingawa mganga wa zamu, mtu asiye na uzalendo, aliandika kwamba ni kwa jua.

Kesho yake maombi yakaanza kumiminika wizarani. Moja la kwanza kabisa liliandikwa kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari la shule, na mwanamke aitwaye Siwatu, fundi cherehani, miaka hamsini na mitatu. Mama yake, Bi Mashavu, miaka themanini na sita, alikuwa amepooza upande wa kushoto na hajainuka kitandani mwaka wa sita. Siwatu alieleza kazi yake bila madoido. Kumgeuza mama kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asitoke vidonda. Kumwogesha. Kumlisha uji kwa kijiko. Kumbadilisha nepi za watu wazima, ambazo pakiti moja ni bei ya kilo sita za mchele, na mama anaimaliza kwa siku nne. Cherehani, aliandika, ipo tu pembeni imefunikwa, na wateja wameshahamia kwa mafundi wengine. Mwishoni akaweka ombi lake: "Sitaki kulipwa kwa kumtunza mama yangu. Naomba mnilipie mtu wa kunisaidia saa tatu kwa siku, ili nishone."

Barua hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Mhasibu Mkuu wa wizara, mtu makini, akachukua saa tatu za Siwatu, akazizidisha kwa watunzaji wote wa nchi. Kisha akaongeza nepi. Kisha, kwa utundu tu, akaondoa zile saa tatu akaweka saa zote ambazo watu hao wanafanya kazi kweli. Akapata tarakimu iliyozidi bajeti ya barabara, ya majeshi na ya safari za nje zikijumlishwa pamoja. Akarudia hesabu mara tatu, halafu akaomba likizo ya ugonjwa, na hajaonekana tena.

*

Katika nchi yetu jambo likiwa zito hupelekwa hotelini. Wataalamu arobaini walijifungia siku tisa kwenye hoteli ya kando ya ziwa kutafuta namna ya kutimiza ahadi ya Mheshimiwa bila kuitimiza. Siku saba zilipita kwa kufahamiana. Siku ya nane, baada ya chakula cha mchana, alisimama mtaalamu mmoja mwembamba aitwaye Bwana Makungu, akafuta mdomo na kitambaa.

"Waheshimiwa," alisema, "mbona watu hawa tayari wanalipwa?"

"Na nani?"

"Na wazee wenyewe. Wanalipwa radhi."

Walioshuhudia wanasema ukumbi mzima uliacha kutafuna. Kisha makofi. Ni kweli tupu! Nani katika nchi yetu hajui kwamba mtoto anayemtunza mzazi huvuna radhi? Nani hajatishiwa utotoni kwamba akikosa radhi za mama yake hatafika popote? Kumbe miaka yote hii maelfu ya watu, wengi wao mabinti, wamekaa majumbani wanapokea malipo makubwa kimya kimya, na hakuna hata mmoja aliyeyatolea taarifa serikalini.

Hivyo posho ikafutwa, kwa kuwa mtu halipwi mara mbili kwa kazi moja. Mahali pake ikazaliwa Kodi ya Radhi, na Bwana Makungu akawa Kamishna wake wa kwanza. Ili kupata kiwango cha haki, walihojiwa watu elfu moja: radhi ya mama yako ni bei gani? Wote elfu moja wakajibu kwamba haina bei. Wataalamu wakaandika: bei ya juu kabisa.

Sheria haikukosa huruma. Radhi zinazotolewa kwa simu zilisamehewa kodi, baada ya wabunge wengi kusimama na kueleza, baadhi yao kwa machozi, kwamba mama zao wako mbali vijijini.

Nami siku zile nilikuwa nimemaliza mwaka wa nne bila kazi. Nikaomba, nikaajiriwa: Mhesabu Radhi Daraja la Tatu. Tulifunzwa wiki mbili. Radhi ndogo ni kama "ahsante mwanangu" au "uishi". Radhi ya kati lazima Mungu atajwe. Radhi kubwa ni ile inayogusa dunia na ahera pamoja, na kanuni ilitutaka, kwa heshima, tuiandike tukiwa tumesimama. Tulifanya mazoezi ya kusimama siku mbili nzima. Mpaka leo nikiwa sokoni nikamsikia mama anamwombea mwanawe, magoti yananyooka yenyewe.

*

Nilipangiwa nyumba ya Bi Mashavu. Nilipopiga hodi Siwatu alitoka na povu mpaka kwenye viwiko.

"Karibu. Wewe ndiye wa posho?"

"Mimi ni wa radhi, dada."

Nikamsomea barua ya Kamishna, kurasa mbili, pale pale mlangoni. Aliisikiliza yote. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Kaka, leo umekula lakini?"

Nilimwonyesha muhuri. Hapo akaacha kucheka.

Chumba kilikuwa kidogo na safi kupita kiasi. Nilishawahi kuingia hospitali yenye harufu mbaya kuliko chumba kile cha mgonjwa wa miaka sita. Katika ripoti yangu ya kwanza, kwa nia njema kabisa, niliandika hivi: "Usafi wa hali ya juu. Hakuna inzi hata mmoja." Naomba sentensi hiyo mniwekee, nitaihitaji mbele.

"Nani huyo?" Bi Mashavu aliuliza kutoka kitandani. Mwili ulikuwa umeisha, lakini sauti bado ilikuwa ya mtu aliyewahi kuuza maandazi kwa kuyatangaza.

"Mtu wa serikali, mama."

"Mpe kiti akae. Mungu akubariki baba, jua lote hili."

Radhi ya kati, kwa mtumishi wa umma akiwa kazini: kisheria ni mali ya serikali. Niliiwasilisha ofisini jioni, wakasema hawana pa kuiweka.

Basi nikakaa na daftari langu, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Na huyo mama alikuwa na mdomo wa dua! Akigeuzwa: "Mungu akutunze kama unavyonitunza." Akipewa maji: "Uishi, mama." Akifutwa mdomo, akifunikwa miguu, akifukiziwa udi, hakosi neno. Na kila akimaliza kuogeshwa, alimshika binti yake kifundo cha mkono kwa ule mkono wa kulia uliobaki na nguvu, akasema: "Radhi zangu zote ziko juu yako, Siwatu, hapa duniani na huko niendako." Mimi huyo, wima, kalamu mkononi.

Siwatu alikuwa akinitazama ninavyosimama. Siku ya nne akamwinamia mama yake. "Mama, leo usiniombee."

"Nisikuombee kwa nini? Umenikosea nini?"

Siwatu akaendelea kukamua kitambaa. Mama akamwombea apate nguvu za kusema linalomsumbua, na hiyo nayo nikaiandika.

Mwezi ulipoisha nilijumlisha: radhi mia tatu na arobaini, kati yake kubwa ishirini na tatu. Hati ya madai ilitoka na deni lililokuwa sawa na bei ya nyumba ile, pamoja na ua na choo cha nje. Kama halijalipwa ndani ya siku tisini, nyumba itauzwa, na mzee atahamishiwa Jumba la Heshima.

Jumba la Heshima ni fahari ya nchi yetu. Linaendeshwa kwa mkataba na shemeji yake Waziri, na kwa kila mzee mmoja serikali humlipa mara tisa ya kile ambacho Siwatu aliomba kwa saa zake tatu. Shuka nyeupe hutandikwa kila ugeni unapokuja. Wazee thelathini wanatumia chanuo moja, jambo lililosifiwa na wageni kama mfano wa umoja.

"Shangazi yangu alipelekwa huko," Siwatu aliniambia. Alikuwa amekalia kigoda cha cherehani, hati ya madai magotini. "Aliingia kwa miguu yake. Wiki ya tatu wakatuita tukachukue maiti, mgongo wote vidonda. Na hii nyumba, kaka Kondo, mama aliijenga kwa maandazi. Sasa niiuze nilipe kodi ya kumwogesha mwenye nyumba?"

Nilimjulisha kwamba anaweza kulipa kwa awamu. Akaikunja hati, akaenda kumgeuza mama yake, na nakiri sikuipenda nafsi yangu.

*

Bi Mashavu alikuwa amepooza, hakuwa kiziwi. Asubuhi yake aliniita.

"Baba, njoo hapa karibu. Yaani nikimwombea mwanangu, anadaiwa?"

"Ndiyo, mama. Kwa mujibu wa kifungu cha saba."

"Na nikimtukana?"

"Matusi hayana kodi." Na kwa kuwa mtumishi wa umma hapaswi kumficha mwananchi haki yake, nikamweleza kifungu cha tisa. Mzazi akimlaani mwanawe mbele ya ofisa, kwa fomu rasmi, deni lote linafutwa, maana hesabu ya radhi inakuwa imerudi sifuri.

Kifungu hicho kilikuwa kimeipendeza sana nchi. Foleni ya ofisini kwetu ilikuwa inaanzia kaunta ya Laana mpaka barabarani. Fomu ilikuwa rahisi: "Mimi fulani, mzazi wa fulani, namlaani kwa sababu ya," halafu nafasi ya mistari miwili. Wazee waliletwa kwa mikokoteni na migongoni. Nilimwona mzee mmoja aliyefika kwenye neno "namlaani" akaanza kukohoa, akakohoa mpaka mwanawe akamwambia, "Sema tu baba, watu wanasubiri." Karani akamtaka arudie kwa sauti, hakusikika vizuri. Alirudia. Walitoka wamekumbatiana, cheti kimekunjwa ndani ya kofia ya mzee.

"Mama, twende na sisi," Siwatu alisema. "Ni maneno tu."

"Maneno tu?" Bi Mashavu alimkazia macho. "Kama ni maneno tu, mbona wanayatoza?"

Nilitafuta jibu katika kitabu cha mwongozo. Halikuwemo.

"Kukulaani sikulaani," mama akaendelea. "Ulimi wangu hauendi huko. Wewe baba, niambie jingine. Na nikinyamaza?"

Kifungu cha kumi na moja. Mtoto atakayemaliza siku sitini bila kupokea radhi hata moja anafutiwa deni, kwa kuwa itakuwa imethibitika kwamba mzazi hakuridhika naye.

"Sitini," alisema Bi Mashavu. Akamtazama Siwatu kama mtu anayefungasha safari. Ilikuwa kabla tu ya uji wa asubuhi. Uji ulipoletwa, aliunywa wote, akafuta mdomo mwenyewe, na hakusema kitu.

*

Wasomaji wangu, mimi nimeajiriwa kuhesabu maneno, na naweza kuwaambia kwamba hakuna kazi ngumu kama kuhesabu yale yasiyosemwa. Mama aligeuzwa, kimya. Alipewa maji, kimya. Siwatu naye, ambaye zamani alikuwa anamjibu mama yake "amina" huku akikamua kitambaa, alibaki anakamua tu. Kuanzia wiki ya tatu, kila akimaliza kuogeshwa, Bi Mashavu alikuwa anavuta pindo la kanga kwa ule mkono wake mzima, analiuma. Nilifikiri ni maumivu. Siwatu ndiye aliyeniambia, akiwa ameangalia pembeni: "Anazizuia."

Kwenye daftari langu ilikuwa sifuri, sifuri, sifuri. Nilikuwa sijawahi kuona kazi inayofanywa vizuri namna ile ikiandikwa sifuri.

Jioni moja nilimpigia simu mama yangu. Anakaa kijijini na dada yangu mkubwa, na mama ni wa kuogeshwa na kulishwa sasa miaka mitatu, na kumbukumbu zinamruka. Mimi hupiga kila mwisho wa mwezi. Aliniombea dakika sita mfululizo, niongozwe, nilindwe, nifunguliwe milango. Zote za simu, zote zimesamehewa kodi. Kisha, kabla simu haijakatwa, nikamsikia anamgeukia dada: "We mwizi, taulo langu umelipeleka wapi? Kondo angekuwepo usingenifanyia hivi!" Dada akamjibu taratibu, "Hili hapa, mama, umelikalia." Niliona aibu. Nilikaa na ile simu mkononi nikiwa na radhi zote za nyumba yetu, ilhali beseni sijawahi kulishika.

Wakati huo wazee wengi nchini walikuwa wamegundua kunyamaza, na mapato yakaanguka. Kamishna Makungu akatoa waraka: kuanzia sasa ishara pia ni radhi. Tabasamu la makusudi, ndogo. Kubana mkono, ya kati. Mkono wa mzazi kichwani kwa mtoto, kubwa. Kwenye madaftari yetu ikaongezwa safu ya Ishara, na wakaajiriwa Wakaguzi wa Wahesabu, ambao kazi yao ilikuwa kutuchungulia madirishani.

*

Siku ya hamsini na tisa ilikuwa Alhamisi. Bi Mashavu alikuwa hamezi tena tangu Jumanne. Saa nne asubuhi Siwatu alijaribu kijiko cha uji, uji ukarudi, akaufuta. Akaweka bakuli chini. Alikuwa amechoka, na nadhani alikwisha kuelewa. Akapiga magoti kando ya kitanda, akalaza kichwa ukingoni mwa godoro, uso kaugeuzia ukutani.

Mkono wa kulia ukaanza kutoka kwenye shuka. Ulichukua muda mrefu. Ulipanda, ukapumzika juu ya kanga, ukapanda tena, kisha ukashuka juu ya kichwa cha Siwatu na kukaa pale. Vidole vikapita kwenye nywele zake, ambazo zina mvi nyingi kuliko umri wake. Siwatu hakugeuka.

Nilijikuta nimesimama. Sikumbuki niliinuka saa ngapi.

Nikaangalia safu ya Ishara. Ilibaki siku moja. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Saa nne na dakika kumi. Mzee amefukuza inzi."

Bi Mashavu alifariki kabla ya adhuhuri. Hakuwa ametamka neno tangu siku ile ya uji, na deni likafutwa siku iliyofuata, tukitoka makaburini. Mimi nilidhani yameisha.

Kumbe Mkaguzi alikuwa dirishani.

*

Kamati ya Nidhamu ilikaa wiki tatu baadaye, watu saba, maji ya chupa, mwenyekiti Kamishna Makungu mwenyewe. Mheshimiwa Waziri alituma salamu na nukuu kutoka hotuba yake.

"Bwana Kondo," Kamishna alianza, "inzi huyo alikuwa wa aina gani?"

"Wa kawaida, Mheshimiwa. Mweusi."

"Alitua wapi?"

"Kichwani kwa Bi Siwatu."

"Kwa muda gani?"

"Muda wote mkono ulipokuwa pale."

"Inzi anafukuzwa, hakimbii?"

"Alikuwa mkaidi, Mheshimiwa."

Wajumbe waliandika. Kisha Kamishna akafungua ripoti yangu ya kwanza, akasoma polepole: "Hakuna inzi hata mmoja." Akanitazama juu ya miwani. "Na Mkaguzi anasema ulisimama. Ewe ndugu yangu, nchi hii inajua kusimamia mambo mengi, lakini tangu lini mtumishi wa serikali anamsimamia inzi?"

Nikasema magoti yalikuwa yananiuma, nilikuwa nayanyoosha.

Wakamwita Siwatu. Aliingia na kanga ya mama yake mabegani, ile yenye pindo lililotafunwa. Alikula kiapo. Kamishna alikuwa mpole kwake, maana saa ya chakula ilikuwa imekaribia.

"Bi Siwatu, jambo lenyewe ni dogo. Kama yule alikuwa inzi, sema ni inzi. Deni lako litabaki limefutwa, nyumba ni yako, na Bwana Kondo atarudi kazini na onyo. Kama ilikuwa radhi, basi radhi zote zinahesabika, na nyumba tunaiuza. Tuambie tu. Ilikuwa nini?"

Nilimtazama, nikamwomba kwa macho. Sema inzi, dada. Sema inzi turudi makwetu. Hata wajumbe wawili walikuwa wanamtikisia kichwa taratibu kumsaidia.

Siwatu akalishika lile pindo la kanga.

"Haikuwa inzi," alisema.

"Fikiri vizuri, mama."

"Nimefikiri. Mama yangu alikaa siku hamsini na tisa anajizuia, mpaka anauma nguo, ili asiniombee. Kwa ajili ya nyumba. Mwishoni akashindwa, akanipa hicho kimoja. Sina kingine. Leo nisimame mbele ya watu, nimeapa, niseme mama alikuwa anafukuza inzi?" Alinigeukia. "Kaka Kondo, ulinifanyia wema, nakushukuru. Lakini hapana."

"Unaelewa kwamba nyumba inakwenda?" aliuliza Kamishna.

"Naelewa. Bei yake mmeniandikia nyinyi wenyewe. Haya, andikeni. Radhi kubwa, moja. Na risiti nataka."

Risiti ilileta usumbufu, kwani tangu kodi ianze hakuna aliyewahi kuiomba. Karani alizunguka ofisi tatu kutafuta kitabu. Hatimaye ikaandikwa, ikagongwa muhuri wa taifa: Imepokewa na Siwatu kutoka kwa mama yake, radhi kubwa, moja. Kamishna akatia sahihi. Siwatu aliisoma mara mbili, akaikunja ndani ya pindo la kanga, akatoka bila kuaga.

Sasa amepanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Cherehani inafanya kazi kutwa. Risiti ameiweka ndani ya kioo, ukutani, juu ya cherehani, na wateja huisoma wakisubiri kupimwa. Wengine wameshamuuliza wapi zinapatikana.

*

Mimi nilifukuzwa kazi kwa kosa la kuingiza inzi katika nyumba safi. Nilirudi kijijini. Dada yangu alinipokea begi, akanipa beseni na taulo, akanionyesha sabuni ilipo, na wiki ile ile akaenda mjini kutibiwa mgongo wake, ambao kumbe ulikuwa unamuuma miaka mitatu.

Mama hanitambui vizuri. Ananiita mwizi tangu asubuhi. Uji wangu una madonge, maji yangu ama ya moto ama ya baridi, taulo nimelificha. Jumamosi dada alipiga simu kutoka mjini, na mama akamwombea dakika saba.

Jana nilikuwa nimeinama namwosha miguu. Amekaa kwenye kigoda, akayumba kidogo, na mkono wake ukaja juu ya kichwa changu, umelowa, una povu. Ukabaki pale.

Huenda alikuwa anajishikilia asianguke. Kwa taaluma yangu ningepaswa kujua. Sikuinua kichwa nimwangalie, wala sikusimama kama kanuni inavyotaka. Nilibaki nimeinama hivyo hivyo mpaka maji yakapoa.